Shuka Juu ya Tangi

Nilipoingia sebuleni na begi langu la likizo, nilitazama kwanza tangi la samaki la Baba, kama nilivyofanya kila mara tangu nikiwa na kimo cha meza. Lilikuwa la kijani. Mwani mwembamba kama nywele ulikuwa umefunika mawe na bomba la pampu, umepanda hadi kwenye kioo, na samaki walipita katikati yake kama watu wanaopenya kwenye nguo zilizoanikwa.

"Karibu nyumbani, Kimya," Baba alisema. Alinipa jina hilo nikiwa mdogo, kwa sababu niliweza kukaa na wageni kutwa nzima nisitoe neno. "Umeona walivyonenepa?"

Nikasema nimeona.

"Mwambie ukweli," Mama alidakia kutoka jikoni. "Mke mwenza wangu ameota ndevu."

Kwa Mama, tangi lile la maji ya chumvi lilikuwa mke mwenza tangu siku lilipoletwa. Na tumbawe kubwa lililokuwa ndani yake aliliita Bi Mkubwa. Baba alilinunua mwaka nilioanza shule, likiwa kipande kidogo kama kifundo cha kidole, akalibandika kwenye jiwe. Tulikua pamoja, mimi na Bi Mkubwa. Nilipokwenda chuo alikuwa na upana wa sahani, na vinywa vyake vya waridi vilifunguka kila taa ilipowaka. Sasa nilimtafuta nisimwone. Nilipomwona, alikuwa amejifunga chini ya zile nywele, na ukingo wake mmoja ulianza kuwa mweupe kama mfupa.

Niliogopa. Tumbawe likishasongwa hivyo haliishi muda mrefu, na Baba hakuwa na kingine cha kumwamsha asubuhi tangu alipofunga duka lake la ushonaji.

Kesho yake nilipima maji. Nafanya kazi maabara ya hospitali, kwa hiyo kupima nakuweza kuliko kuongea. Uchafu ulikuwepo kidogo, lakini si wa kuotesha msitu ule. Nikamuuliza Baba kama anawalisha sana.

"Kiasi cha siku zote."

"Ni kweli," Mama alisema. "Chakula anawapa kidogo. Huruma zake zote ziko kwenye taa. Anawasha kabla hajanisalimia mimi."

Ndipo nilipoinua macho. Pembeni ya taa ya tangi, Baba alikuwa amefunga taa ya cherehani yake kwa ukanda wa kitambaa cha suti, na upande wa pili akaning'iniza taa nyingine ya dukani. Mapazia yalikuwa wazi, jua la mchana limejaa chumbani, na mimi nilikuwa nimekunja uso kwa mwanga.

"Baba, taa tatu?"

"Taa za siku hizi hovyo tu. Hapa pana giza." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hebu mtazame Bi Mkubwa alivyochanua."

Alikuwa akionyesha jiwe tupu. Bi Mkubwa alikuwa upande wa pili.

Nikatikisa kichwa kukubali. Maisha yangu yote nimemjibu Baba kwa kichwa. Yeye peke yake katika nyumba ile hakuwahi kunidai maneno. Alisubiri kidogo, uso wake umenielekea.

"Mbona hujibu, mama?"

Nilijifanya natafuta ndoo.

Tulifanya kazi pamoja mchana ule. Mimi nilisugua mawe kwa mswaki, yeye akashika mpira wa kunyonyea uchafu, na kila nilipomwambia "kushoto kidogo" alisogea kushoto bila kuuliza kwa nini mtoto anamwelekeza mzazi kwenye tangi lake mwenyewe. Mama alipita, akasimama.

"Huo mswaki wa nani?"

"Wa zamani," nilisema.

"Wa zamani wa nani?"

Baba akacheka. Mama akaenda kuhakikisha bafuni.

Ndoo ilipojaa nywele za kijani, nikajikaza nikasema. "Baba, kusugua peke yake hakutoshi. Taa ndizo zinazoulisha huu mwani. Tuzime zote, tulifunike tangi siku tatu, pampu tu ndiyo iendelee. Baada ya hapo, taa moja, kwa saa chache."

"Siku tatu gizani?"

"Samaki hawatadhurika."

"Na mimi je?" alisema. Nadhani hakukusudia neno hilo litoke. Akaangalia mpira mikononi mwake, akaukunja taratibu kama futi ya kupimia nguo.

Nilisubiri. Kusubiri nakujua.

"Daktari wa macho aliniambia," alisema mwishowe. "Yataendelea kupungua, na miwani haisaidii. Nikajisemea, nikiongeza taa nitaendelea kuwaona angalau kwa rangi. Yule wa njano bado namwona akija karibu na kioo."

"Mama anajua?"

"Mama yako ndiye anayenitilia uzi kwenye sindano. Hajauliza hata siku moja. Mtu anayeuliza hadi mswaki."

Nikaenda kutafuta cha kufunikia. Kabatini nikakuta shuka la bluu, lile lile.

Nilipougua surua utotoni, mwanga uliniumiza macho. Baba aliniletea godoro sebuleni, akafunga mapazia, akazima taa ya tangi na kulifunika kwa shuka hilo. Kisha akaketi sakafuni, akaanza kunisimulia: sasa yule wa njano amemnunia jirani yake, sasa kamba mwenye masharubu anafagia kizingiti anangoja mgeni, sasa Bi Mkubwa anapiga miayo. Nilipona nikiamini kwamba Baba anaona kupitia kitambaa. Nilikuwa tayari chuoni, nimesimama kwenye foleni ya chakula, nilipogundua ghafla kwamba alikuwa akizua yote. Nilicheka peke yangu, hadi aliyekuwa mbele yangu akageuka kunitazama.

Tulilifunika tangi, kila mmoja akivuta pembe yake. Baba akakaa kwenye kiti chake, mikono magotini, kama mtu aliyefika kituoni gari likiwa limeshaondoka. Mimi nikaketi sakafuni.

"Yule wa njano," nilianza, na sauti yangu ikanitoka nyembamba, "amemnunia jirani yake."

Baba akageuza kichwa. "Unaona, au unazua?"

"Nazua."

"Kamba je?"

"Anafagia. Anasema wageni wa nyumba hii hawapigi hodi, wanakuja na miswaki."

Alicheka hadi akatoa leso. "Nilidhani hukujua," alisema. "Miaka yote hii."

Siku ya kufunua, alisimama nyuma yangu. Niliwasha taa moja. Nywele zilizobaki zilikuwa zimepauka, zinang'oka zenyewe.

"Bi Mkubwa?" aliuliza. "Usizue sasa."

Nilitamani sana kuzua. "Nusu ya kushoto imekufa, Baba. Ni nyeupe. Ya kulia ipo." Nikasogeza uso karibu na kioo. "Vinywa vinafunguka. Vidogo vidogo, ila vinafunguka."

Akashusha pumzi. "Nusu inatosha," alisema, akanyoosha mkono, akafungua mwenyewe ule ukanda wa suti na kuishusha taa ya cherehani.

Likizo iliisha mapema, kama kawaida yake. Asubuhi ya safari nilikuwa nafunga begi korido, nikiwaza ni nani atakayemsimulia nikishaondoka, niliposikia kiti cha pili kikivutwa sebuleni.

"Haya," sauti ya Mama ilisema. "Huyo wa njano yuko pembeni. Amenuna."

"Amenuna vipi?"

"Kama wewe ukinyimwa sukari."

"Na Bi Mkubwa?"

Nikachungulia. Mama alikuwa ameinama hadi pua inakaribia kugusa kioo, khanga imemteleza begani.

"Ngoja," alisema, "bado namtazama."