Anayefuata Kuingia

...na atolewe basi, si kwa ubaya, ateleze kidogo tu, apige mpira wa juu udakwe, mambo ya kawaida, nani atamlaumu, ana miaka kumi na tisa, ana maisha mazima ya kupiga, mimi nimebakiwa na leo... nimekaa kwenye kiti cha plastiki, helmeti mapajani, kinga za miguu nimeshazifunga, mwanamke mzima kama anayesubiri mafuriko, kwa sababu ndiyo desturi ya kriketi, anayefuata hukaa tayari, na haingii mpaka mmoja wa wale wawili walio katikati ya uwanja atolewe, kufa kufaana, na anayepiga sasa hivi, anayepiga vizuri, Mungu anisamehe, ni Rupinder, ninayelala naye chumba kimoja hotelini, anayeniita didi, dada yake mkubwa, aliyeniamsha leo na chai mkononi... "Bhavini, goti linasemaje?" anauliza kocha Rupa bila kunitazama, nasema halina neno, kocha, goti linalia kama mlango mbovu, na yeye ameshageukia mpira, hajanitazama usoni tangu Jumanne aliponiambia wachaguzi wa India wamekuja London kuniona mimi, ukipiga unabaki kwenye timu, usipopiga... hakumaliza, nani humaliza sentensi kama hiyo, na nitapigaje nisipoingia, ova, yale mafungu ya mipira sita sita, zinakwisha moja moja na huyu mtoto hatoki! Baba na mama wako kule juu nyuma ya ubao mweupe, Rasik na Kalpana wa Ilford, mama alinipigia asubuhi, "Tunakuja na treni ya Elizabeth line, beta, mwanangu, nimebeba chapati za thepla, temple yote nimeiambia leo ni siku yako, usiniaibishe bana," akacheka, miaka yote hii Uingereza na bado anaongea kama yuko Mombasa, na mimi pia, nikiumia moyo nawaza kwa Kiswahili, Kihindi ni cha timu, Kiingereza cha waandishi, uchungu ni wa uani kwetu Ganjoni, ambako kaka yangu Keyur alinirushia mpira mpaka giza, nikitolewa nakataa kutoka, "Toka, zamu yangu, wacha kung'ang'ania!", sitoki, na nyanya analalamika jua litanimaliza rangi, nani ataniposa... nikapelekwa India, Baroda, kwa mjomba, msichana peke yangu katikati ya wavulana, wakinirushia mipira ya mbavuni makusudi, usiku najipaka dawa gizani mjomba asione, na siku nilipovaa jezi ya buluu ya India kwa mara ya kwanza nililala nayo, kweli nililala nayo, kisha nikaachwa kwenye timu, nikarudishwa, nikaachwa tena, Rakesh mchumba wangu akasubiri ziara moja iishe, na nyingine, mpaka akachoka, na sikulia, nilikuwa na mechi kesho yake, mvumilivu hula mbivu, waliniambia, hawakusema nyingine huozea mtini... makofi, Rupinder amepiga, mpira umevuka kamba, bendera za India zinapepea jukwaa zima, nami napiga makofi, mikono inajua adabu kuliko moyo, kwa sababu nina wivu, nina wivu mbaya, ninamwonea wivu mtoto aliyeniletea chai...

Kelele. Mpira umempiga Rupinder mguuni, mbele ya vijiti, timu nzima ya Uingereza imeinua mikono inamlilia refa amtoe, na refa amesimama anafikiri, kocha anasema, "Simama, Bhavini, vaa helmeti," nasimama, hiki ndicho nilichokuwa nakiomba, kiko pale kwenye kidole cha mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, akikinyanyua ametolewa, na nasikia mtu ananong'ona usinyanyue, usinyanyue, tafadhali usinyanyue, nageuka nimtafute, hakuna mtu, ni mimi... Refa anatikisa kichwa. Hajatolewa. "Kaa," anasema kocha. Nakaa. Pumzi inanitoka ndefu, na nataka kusema ni huruma, nimemhurumia mdogo wangu, ingekuwa vizuri kama ni huruma, lakini najijua, hii si huruma, hii ni furaha, furaha ya mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule, nimefurahi kwamba sikuitwa, mimi, naogopa ule mwendo wa kutoka hapa mpaka pale katikati, naogopa mpira, tangu lini, sijui, pengine tangu mwaka jana, uoga huo nikauita goti... Mrushaji anarudi nyuma kuanza kukimbia. Rupinder anajiweka sawa. Hakuna kilichobadilika, wote wanadhani hapa amekaa mtu anayesubiri zamu yake, na wachaguzi kule kwenye chumba cha vioo wangeweza kwenda zao wakanywe chai, hawana tena la kuamua.