Nyuzi Nane Nyumbani kwa Vestine

Asubuhi ile ya Januari, nje kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Ndani ya nyumba ya Vestine, huko Burnsville, kipimajoto kilisoma kumi na tatu. Nkirote alikuta mlango wa oveni umeachwa wazi ili moto wake upashe sebule joto. Mzee Callixte, mume wa Vestine, aliyepooza upande wa kushoto tangu mwaka uliopita, alikuwa ameketi karibu na hiyo oveni akiwa amevaa koti na kofia, mkono mbovu umefungwa kwa taulo.

Nkirote alikuwa fundi wa kampuni moja ya Plymouth inayopima pampu za joto, mashine zinazovuta joto kutoka hewa ya nje na kulipeleka ndani. Shirika lililopangisha familia za Wakongomani nyumba ishirini na nne lilikuwa limefunga pampu hizo, na sasa lilitaka kujua kama kweli zinatoa joto lililoandikwa kwenye karatasi za kiwandani. Siku tisa kabla, Nkirote alikuwa ameweka kipimajoto kimoja pale hewa inapoingia kwenye mashine na kingine pale inapotokea, pamoja na kifaa cha kupima hewa inayopita. Leo alikuja kuchukua namba.

"Mashine haizimiki," Vestine alisema. "Inalia tu kutwa nzima. Nilipiga simu shirikani mara sita. Banasema siye tunafungua madirisha, kwa sababu tulizoea hewa ya kwetu."

"Mnafungua, mama?"

Vestine alimtazama bila kupepesa. "Na huyu mzee hapa? Nifungue dirisha nimuue?"

Nkirote aliona haya kwa kuuliza. Alifungua kompyuta yake. Hewa iliingia kwenye mashine ikiwa na nyuzi kumi na tatu, ikatoka na ishirini na moja. Tofauti ya nyuzi nane. Kwa baridi kama ile, ilipaswa kuwa kumi na sita. Pampu ilikuwa inatoa nusu ya joto lake. Nyumba nyingine mbili za mtaa ule zilikuwa hivyo hivyo.

Aliandika yote kwenye ripoti, akapendekeza fundi aitwe siku hiyo hiyo.

Ijumaa aliisoma ripoti iliyotumwa kwa shirika. Nyumba zilikuwa ishirini na moja. Zile tatu zilikuwa zimeondolewa, na chini, kwa maandishi madogo, sababu yake: wakazi hufungua madirisha, vipimo haviaminiki.

Alikwenda moja kwa moja kwa Griffins, bosi wake. Griffins ndiye aliyemtafutia kazi hii alipofika kutoka Meru, na Jumapili walisali kanisa moja.

"Nani ameandika haya ya madirisha?"

"Client ndiye amesema, shirika lenyewe," Griffins alijibu, macho kwenye skrini. "Wanajua watu wao."

"Griffins, wewe ni injinia. Dirisha likiwa wazi, nyumba inapoa. Lakini mimi sikupima nyumba, nimepima mashine. Hewa baridi ikiingia ndani yake, mashine hiyo inatoa joto zaidi kidogo, haipunguzi. Unalijua hili kuliko mimi."

"Nyumba tatu tu. Average haibadiliki sana. Nkirote, wacha ku-take hii kitu personal."

"Kuna mgonjwa mle ndani anapashwa moto na oveni."

"Na kuna mkataba wa nyumba mia mbili mwaka kesho," alisema Griffins. "Funga mlango ukitoka."

Aliuacha wazi. Aliingia garini, akafunga mkanda. Hapo ndipo alipokumbuka fomu ambayo kila mpangaji alitia sahihi kabla ya kupimiwa: mpangaji ana haki ya kupewa namba za nyumba yake akiziomba.

Jioni hiyo alikuwa tena Burnsville, na Vestine aliandika ombi lake kwa mkono, kwa Kifaransa. Namba zilipotoka, kwa kuwa fomu ile ilimlazimu Griffins kuzitoa, Vestine hakuomba kuelezwa matokeo. Aliomba kanuni ya kukokotolea.

"Nilifundisha hesabu Uvira miaka kumi na saba," alisema. "Nionyeshe munazidisha nini na nini."

Alikokotoa siku zote tisa mwenyewe, kwenye daftari, kisha akadai kikao na shirika.

Kilifanyika Eagan, kwenye ofisi za shirika. Meneja aliitwa Brandon, kijana mpole wa kuongea. Griffins alihudhuria kwa niaba ya kampuni, na kwa kuwa Kiingereza cha Vestine kilikuwa kidogo, Nkirote aliombwa kutafsiri. Brandon alianza kwa kueleza kwamba familia zinazotoka nchi za joto huhitaji muda kujifunza.

Vestine alimwacha amalize. Kisha akafungua daftari.

"Mwambie hivi. Hewa inaingia na kumi na tatu, inatoka na ishirini na moja. Anasema dirisha. Basi aniambie ni dirisha gani iko ndani ya mashine. Na mwambie mume wangu mkono wake hauwezi tena kunyooka kwa baridi, na yeye anasema tutajifunza. Mwambie nimekasirika. Asidhani ninalia."

Griffins alimwinamia Nkirote. "Lainisha kidogo," alimnong'oneza kwa Kiswahili.

Nkirote alitafsiri kila neno, moja baada ya jingine. Halafu akaongeza kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile, "Na Bwana Griffins ameniomba nilainishe."

Brandon alivuta daftari karibu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, masikio yakimgeuka mekundu.

Fundi alifika kesho yake. Gesi inayobeba joto kwenye mashine ilikuwa imevuja kwenye kiungo cha bomba nje, kilichofungwa vibaya tangu siku ya kwanza. Katika zile nyumba mbili, kosa lilikuwa lile lile. Nkirote alipopima tena, tofauti ilikuwa nyuzi kumi na tano, na Mzee Callixte alikuwa ameketi dirishani bila koti.

Griffins alimwondoa kwenye kazi za majumbani, akamweka ofisini kuhakiki mafaili. Ripoti mpya ilitoka na nyumba zote ishirini na nne. Mahali pa maneno ya madirisha paliachwa wazi. Hakuna aliyeandika kwamba yalikuwa uongo.

Mwezi Februari shirika lilituma barua kwa wapangaji, likiwashukuru kwa uvumilivu wao. Vestine aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akachukua kalamu, akakata neno uvumilivu mara mbili, na juu yake akaandika: Hatukuvumilia. Tulisema, mukakataa kusikia.

Kisha akavaa koti, akapanda basi kwenda Eagan, akaiweka barua ile mezani kwa Brandon.