Mshika Uzi Upande wa Pili

Mapindo ya mfarishi hayakatwi na mtu mmoja. Fundi aliwahi kuwaambia hivyo wanafunzi wake wote, enzi alipokuwa na wanafunzi, na sasa alikuwa amesimama peke yake kwenye korido ya nyumba yake, mkasi mkononi, akitafuta namna ya kujikanusha.

Mfarishi wenyewe ulikuwa karibu kwisha. Uso wake, ulioungwa kwa vipande vya mashati, ulikuwa umelala kitandani chumbani, mpana kama kitanda chenyewe, ukingoja mapindo manne ya kuuzungushia: vitambaa virefu vya buluu iliyokoza, upana wa shubiri moja. Asiyejua kushona atakwambia hiyo ndiyo sehemu rahisi. Si kweli hata kidogo. Kipande kidogo kikienda kombo, jirani zake watakisitiri. Pindo likienda kombo linakuumbua mbele ya kila anayeingia chumbani.

Miaka yote mapindo ya nyumba hii yalikatwa na watu wawili. Mume wa Fundi alikuwa msaidizi wa wapima ardhi. Kazi yake, tangu ujana hadi anastaafu, ilikuwa kushika mwisho wa kamba huku bwana mkubwa akisoma hesabu upande ule mwingine. Watu walimwita Mshika Kamba, naye hakuona haya. "Mimi nimeumbwa kushika upande wa pili," alikuwa akisema. "Kazini kamba, nyumbani uzi." Ni yeye aliyemfundisha mkewe ujanja wa huko porini: unapaka uzi chaki, unautandaza juu ya kitambaa, mmoja anabana huku, mwingine anabana kule, unavutwa mpaka unalia, kisha mmoja anaunyanyua kidogo na kuuachia. Pap! Mstari mweupe, umenyooka kuliko wowote utakaochora kwa rula. Kabla ya kila pap, Mshika Kamba alinyoosha mkono mmoja juu, kama walivyokuwa wakipeana ishara kazini, ingawa mkewe alikuwa hatua chache tu mbele yake na macho yake mazima.

Sasa Mshika Kamba alikuwa kaburini, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Haimaanishi kwamba nyumba haikuwa na mtu wa pili. Alikuwapo. Nyuma ya mlango wa mwisho wa korido aliishi wifi yake, dada wa marehemu, mjane wa siku nyingi. Kaka yake mwenyewe alimpa jina la Redio, kwa sababu aliamka akizungumza na kulala akizungumza, na katikati hapo alitoa taarifa za mtaa mzima bila kuombwa. Enzi hizo Fundi alikuwa akiomba Mungu amjalie japo dakika moja ya kimya. Mtu aangalie anachoomba. Tangu arobaini ya marehemu ipite, Redio ilikuwa imezimwa. Walipishana koridoni kama watu wasiojuana, kila mmoja akipika chake, kila mmoja akiosha chake, na jioni Fundi alikuwa anasikia kijiko cha mwenzake kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta. Hilo la kijiko lilimuuma kuliko kimya chenyewe.

Ugomvi ulikuwa ni hayo mashati, yote ya marehemu. Siku moja, bila kumwambia mtu, Fundi aliyatoa kabatini yote akaanza kuyakata. Hakutaka yagawiwe, hakutaka yaozee sandukuni. Alitaka kulala chini yake. Redio aliingia akakuta mikono ya shati imetapakaa sakafuni.

"Umemkata kaka yangu vipande," alisema.

Fundi, badala ya kunyamaza, akajibu kwamba yule alikuwa mume wake kabla ya kuwa kaka wa mtu. Hesabu mbovu kabisa, maana undugu ulitangulia kwa miaka mingi. Lakini ulimi hauna mfupa. Redio aligeuka, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango, na mpaka leo hakuwa ametamka neno jingine kwake.

Na leo alasiri alikuwa anahama. Binti yake alikuwa amemtengea chumba huko aliko, mbali, na gari la kumchukua lilikuwa njiani. Mabegi mawili yalikuwa tayari yamesimama ukutani. Fundi hakutaka makubwa. Alitaka mfarishi upate mapindo yake wifi akiwa bado yupo nyumbani, na alitaka aambiwe neno moja kabla gari halijafika. Hata tusi lingefaa.

Aliweka ubao mrefu juu ya stuli mbili katikati ya korido, akatandaza kitambaa cha buluu. Mwisho mmoja wa uzi akaukandamiza kwa pasi ya mkaa, ile nzito, mwingine akaubana kwa kidole. Akaunyanyua, akauachia. Pap. Mstari ulionekana mzuri. Akakata taratibu mpaka mwisho, akalikunja pindo mara mbili kulinganisha kingo zake, na hapo akaona lina tumbo katikati. Pasi ilikuwa imesogea kidogo tu wakati uzi unavutwa, lakini kidogo hicho kilitosha.

Alilitupa begani akafikiri. Fundi mzuri hununua na kitambaa cha kukosea, naye alikuwa amenunua cha mapindo sita. Akatazama huku na huku akitafuta kitu kisichosogea. Upande ule wa korido kulikuwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo: kitasa cha mlango wa Redio.

Alinyata. Akafunga uzi kwenye kitasa, akafunga na ncha ya kitambaa palepale ili kisimteleze. Akarudi upande wake, akavuta. Pap! Safari hii mstari ulinyooka wenyewe. Mkasi ukaingia, ukaenda vizuri, ukapita nusu, ukakaribia robo ya mwisho.

Mlango ule hufungukia ndani. Redio aliufungua kwa nguvu, kama mtu anayetoka na mzigo, na kitambaa kikachumpa kikaenda naye. Mkasi ukakata mshazari, karibu nusu ya upana wa pindo.

Wakabaki wanatazamana. Redio alikuwa na begi la tatu mkononi, na kwenye kitasa chake kulikuwa na fundo la uzi na kitambaa cha buluu kinachoning'inia.

"Samahani," Fundi alisema. "Sikuwa na mtu wa kunishikia."

Redio aliweka begi chini. Alifungua fundo kwenye kitasa, akachukua muda kwa sababu lilikuwa limekaza, na Fundi alikuwa na hakika kwamba baada ya hapo angepita zake kwenda kusubiri gari barazani. Badala yake alizungushia ncha ya uzi kwenye kidole cha shahada, akaibana kwa gumba, akaikandamiza kwenye mwisho wa ubao. Kisha akanyoosha mkono mmoja juu.

Fundi akaanza kulia. Hakuwa amewahi kujua. Miaka yote alidhani ishara ile ilikuwa ya wapima ardhi, na namna ile ya kubana uzi ilikuwa ya mumewe peke yake. Mumewe aliwahi kumsimulia jinsi yeye na dada yake walivyokuwa wakikunja mashuka ya mama yao utotoni; kumbe ndivyo walivyokuwa wakiyashika, mmoja huku, mmoja kule, kabla ya yeye kuwajua wote wawili.

"Unalowanisha chaki," alisema Redio.

Ndilo neno alilopewa. Fundi alifuta uso kwa lile pindo lenye tumbo, wakaendelea. Walikata mapindo yote manne yaliyobaki, na hawakuwa na nafasi ya kosa hata moja. Uzi, mkono juu, pap, mkasi. Yalipokunjwa kulinganishwa, yote yalikuwa sawasawa.

Waliyapeleka chumbani kuyalinganisha na mfarishi, na hapo ndipo Redio alipouona kwa mara ya kwanza. Akaweka kiganja juu ya vipande vya mistari ya kijani vilivyokaa karibu na katikati.

"Hili alilivaa nilipoolewa mimi," alisema. "Kola ilikuwa inambana. Sherehe nzima anajikuna kama ana utitiri."

"Kola haimo. Niliitupa."

"Ulifanya vizuri." Akavishikashika. "Mimi nilidhani umeyakata yapotee. Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza saa ngapi, wifi? Ulifunga mlango."

"Na wewe ulinyamaza. Mlango ungeugonga nisingeufungua?"

Ndiyo, Fundi angeweza kuugonga. Kutoka mlango hadi mlango si safari ya kubeba chakula.

"Usiende," alisema.

Redio alitikisa kichwa. "Gari lipo njiani. Mtoto amepaka chumba rangi, amenunua kitanda. Nitamwambiaje sasa? Kwamba nimepatana na mke wa mjomba wako kwa sababu ya uzi?" Akacheka kidogo, na kicheko kikamkatikia njiani. "Tumechelewa, wifi."

Fundi alitazama kitanda chake kipana. Alikuwa analalia upande mmoja tu. Ule mwingine shuka lake lilikaa siku zote bila hata mkunjo. Akaenda koridoni, akarudi na uzi, chaki na mkasi. Akautandika uzi juu ya mfarishi, kutoka kichwani hadi miguuni, katikati kabisa.

"Shika huko."

"Unataka kufanya nini?"

"Mapindo marefu yapo manne. Mawili yako, mawili yangu. Yale mafupi ya juu na chini nitayatoa kwenye haya niliyoharibu."

Redio aliutazama mkasi. Fundi alingoja aambiwe tena maneno yale ya siku ile, na safari hii angeyapokea bila kujibu. Lakini Redio aliinama, akazungushia uzi kidoleni. Alipokuwa anaubana, aliusogeza kidogo, kama mtu anayejiweka sawa, mpaka shati la mistari ya kijani likaangukia upande wake lote.

Fundi aliona. Akausogeza na mwisho wake kiasi kilekile, mstari usije ukaenda upande.

Redio akanyoosha mkono juu.

"Kata, wifi," alisema.

Cherehani ilikimbia mpaka honi ya gari iliposikika nje. Pindo la mwisho la Redio lilikatwa uzi dereva akiwa tayari anapakia mabegi. Aliukunja mfarishi, akaukumbatia kifuani, hakukubali upakiwe.

"Pamba nitajaza mwenyewe huko," alisema. "Nitapata cha kufanya."

Na alipoketi garini akaanza kumweleza dereva historia ya kila shati, na Fundi alimsikia mpaka gari lilipokata kona.

Siku zilizofuata alishona wa kwake. Ulikuwa mwembamba kuliko ule wa mwenzake, lakini kwa upande mmoja wa kitanda ulitosha. Mapindo marefu yalikaa vizuri. Yalibaki mafupi mawili, ya kutolewa kwenye lile pindo lililokatwa mshazari, na lile lilihitaji mstari mpya.

Akatandaza kitambaa juu ya ubao koridoni. Akapaka uzi chaki, akaenda kuufunga kwenye kitasa cha mlango wa mwisho, akarudi upande wake. Alikaa kidogo ameushika hivyo, umekaza, akitazama mlango. Kisha akaunyanyua, akauachia, akakata bila haraka mpaka mwisho. Pindo lilinyooka kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyefungua mlango.