Pakiti ya Unga Ndani ya Shali

"Daktari, mashine yako imeharibika," Chelangat alisema, na hakuwa anatania. Mia moja hamsini na tano kwa mia! Yeye, mwalimu wa michezo shuleni Kaptembwo, anayekimbia kila asubuhi, aliyeacha chumvi tangu mwaka jana, na bado pressure iko huko juu? Mjomba wake alipooza akiwa na miaka arobaini. Yeye alikuwa na thelathini na tatu, na mtoto wa miezi minne. Aliogopa hadi akakasirika.

Daktari Khisa hakubishana. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo kipimo kutoka hivyo. "Ulizaliwa na kilo ngapi?"

"Tatu na nusu!" akajibu mama yake, Jepkemboi, aliyekuwa amemshika mtoto. "Nilimzalia nyumbani. Tukampima kwa mizani ya maziwa, kijiji kizima kikiona."

"Sawa. Niliuliza kwa sababu mtoto akizaliwa mdogo sana, mishipa yake ya damu inaweza kukua ikiwa migumu kidogo. Si wote. Lakini wengine pressure huwapanda ukubwani hata wakiwa wembamba. Ungekuwa hivyo, ningepima mishipa yako leo leo."

Jepkemboi aliangalia sakafu. Akamtengeneza mtoto kofia, ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Chela, ilikuwa unga."

"Unga gani?"

"Nyanya yako alikuwa ametangaza kwamba mtu mdogo kama mimi atazaa panya. Siku ya kukupima walikuja wote. Nikaficha pakiti ya kilo mbili ndani ya shali."

Chelangat alipiga hesabu. Kilo moja na nusu! Akaruka kutoka kwa kiti. "Mama! Miaka thelathini na tatu natembea na unga wako!" Alitaka kumgombeza, akajikuta anamkumbatia huku akicheka na kulia.

Alilala kitandani, daktari akapitisha kifaa cha kupimia mishipa, chenye mafuta baridi, shingoni.

"Mishipa imeanza kukaza kidogo," alisema mwishowe. "Lakini hakuna iliyoziba. Tumewahi! Utameza dawa, utaendelea kukimbia, na tutakupima kila mara."

Tumewahi! Chelangat alitamani kupiga kigelegele mle ndani. Jepkemboi akampigia hicho kigelegele.

Daktari alichukua kitabu cha kliniki cha mtoto. "Na huyu Shantel alizaliwa na ngapi?"

Kwenye WhatsApp ya wakwe Chelangat alikuwa ameandika kilo tatu, na picha ya keki juu yake. Akatoa simu, akampigia mama mkwe wake mtaani Section 58, akaweka sauti juu.

"Mama, nisikize na usikate. Shantel alizaliwa na kilo moja na gramu mia nane. Nilidanganya."



"Woi, mtoto wangu," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Hata Gedion alikuwa hivyo. Sikutaka mjue."

Gedion, mume wake, ambaye hajawahi kupimwa pressure hata siku moja!

"Mama, yuko wapi saa hii?"

"Yuko hapa, anakula."

"Mwambie avae viatu!"