Mwanangu Haitwi Tetemeko

Binti yangu alizaliwa siku ardhi ya Ufipa ilipoanza kutikisika, ndiyo maana mama mkwe wangu, Mama Coleta, alitaka aitwe Tetemeko.

"Shida ikipewa mtu wa kubeba jina lake, inaridhika, inaondoka," alisema akipepeta ulezi uani. "Dada yangu aliitwa Njaa. Mwaka uleule mahindi yakajaa."

"Na huyo dada yako Njaa mwenyewe, aliridhika?"

Akacheka, akaendelea kupepeta.

Mitikisiko ilikuja kama kikohozi cha jirani. Sufuria zinagongana, mbwa wanabweka, kimya. Uji haujapoa, inarudi tena. Ukuta wetu ulipasuka toka dirishani hadi chini. Mtaalamu wa miamba, kijana wa Mbeya aitwaye Lwitiko, akaja akatuambia kwenye mkutano wa kijiji kwamba huenda volkano iliyolala miaka mingi huko bondeni inaanza kuamka.

"Nasema huenda," alirudia. "Bado tunapima. Mwenye nyumba yenye ufa alale nje, na ikitikisika, kimbilieni uwanjani."

Mama Coleta hakuisikia "huenda". Alisikia "kuamka".

"Umeona? Anayeamka anamtafuta mtu. Akimkuta ana jina lake, atarudi kulala."

"Mama, anayeamka anatafuta uji."

Nilitania, ila moyo haukutulia. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni pale Sumbawanga mjini, Mwalimu Edith, alituonyesha kwenye ramani jinsi Bonde la Ufa linavyopita jirani yetu. Ardhi haina masikio, hilo nalijua. Nilichokiona mbele yangu ni darasa la kwanza: mwalimu anaita "Tetemeko!" na watoto wote wanatimua mbio. Mwanangu, mwenye vidole laini kama vifaranga, awe kafara ya mlima? Thubutu!

Mume wangu Calvin alitaka kutupatanisha. "La kanisani liwe lako, la nyumbani liwe la mama."

"La nyumbani ndilo litakalomganda."

Jumapili ya ubatizo kanisa lilijaa. Padri akatuuliza, "Mtoto huyu mmempa jina gani?"

Kabla sijafungua mdomo, mabenchi yakaanza kucheza. Vumbi likamwagika toka darini. Tukakimbia wote, padri naye na bakuli lake la maji, hadi uwanjani.

Watu walikuwa wanalia. Mama Coleta akanishika kitenge. "Mtaje sasa! Si umesikia inavyomwita? Mtaje, tupone!"

"Mpe tu, mwenzangu," Bertilla, mama wa ubatizo, akanong'ona. "Utambadilishia baadaye."

Macho yote kwangu. Nikamtazama binti yangu. Amelala fofofo, mdomo wazi.

"Tetemeko litapita," nikasema. "Likirudi, litapita tena. Huyu anabaki. Na mlima ukiamka kweli, tutambeba, tutaondoka naye na jina lake zuri. Padri, uliuliza. Anaitwa Edith."

Padri akamgeukia Calvin. "Baba mtoto?"

Calvin akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akatazama viatu vyake.

"Edith," akasema.

"Sauti, bwana!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Au ardhi imekumeza ulimi?"

"EDITH!"

Hata waliokuwa wanalia wakacheka. Padri akambatiza palepale majanini, kwa maji yaliyosalia bakulini. Maji yalipomgusa, Edith akaamka na ukali wote wa ukoo wao, na ardhi nayo ikatikisika tena kidogo.

Nikamwona Mama Coleta anavua kandambili moja. Nikadhani ni ya kunichapa mimi. Akainama, akaichapa nayo ardhi, pa!

"Tulia, wewe! Huoni mke mwenzangu Edith anabatizwa?"