Alama ya Kizibo

Kongamano la siku moja kuhusu utafiti wa uonevu shuleni lilichelewa kuanza, kwa sababu mashine ya kuchapa vitambulisho ilikwama karatasi na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa kwenye foleni ya chai. Msaidizi wa utafiti alipewa kitambulisho kisicho na jina, kimeandikwa BANGO tu, kwa kuwa kwenye ratiba alikuwa ameorodheshwa pamoja na mabango. Alikivaa, akaenda kusimama mahali pake, kati ya bango la takwimu za matusi ya mtandaoni na nafasi ya mtu ambaye hakutokea. Kisha akakunja mikono ya gauni.

Ngozi yake ilikuwa na alama toka mabegani hadi viganjani. Alikuwa amezunguka shule kadhaa akiwahoji watoto wanaoonewa, na kila mtoto alipomaliza kusimulia, alichofanyiwa kilijichora kwa msaidizi, palepale kilipokuwa kwa mtoto. Kulikuwa na makucha, meno, mikanda ya begi. Mama yake, fundi cherehani, alimshonea gauni la mikono mipana ili kitambaa kisimkwaruze, akamwambia kazi ni kazi. Profesa aliyemsimamia alifurahi zaidi ya mama, maana kinasa sauti cha mradi kilikuwa kimeibwa mapema, na sasa alipata kumbukumbu isiyobebeka na mwizi.

"Na kwa mtoto je, alama inapungua?" aliuliza mtafiti mmoja wa miwani, ameinama na rula.

"Haipungui. Hii ni nakala tu."

"Ahaa," alisema mtafiti, akaandika.

Alama nyingi zilikuwa zimeanza kufifia. Moja ilikataa. Ilikuwa ndani ya kiwiko cha kushoto, duara lenye menomeno, ukubwa wa kizibo cha soda, na ilitoka kwa msichana wa darasa la tano. Viranja wawili walikuwa wakimshika nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko, na wa tatu akimkandamiza kizibo mpaka meno yaingie. Kila siku ya masomo, kengele ya mapumziko ikilia kule, duara lilijaa upya huku. Waandaaji walikuwa watu makini, kwa hiyo walipanga chai wakati huohuo. Wasomi walikuja na vikombe vyao, wakamzunguka, wakatazama meno ya kizibo yakizama na damu ikichungulia. Mmoja alimumunya biskuti badala ya kuitafuna, asitoe sauti.

"Mnaona wenyewe," alisema Profesa. "Siku baada ya siku, bila mtafiti kukanyaga shuleni. Nani hapa ana data kama hii?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Mjadala ulipamba moto kuhusu kama huo ni uonevu wa mwili au wa mahusiano, kwani hapo zamani viranja hao walikuwa marafiki wa mtoto, na watu wazima wawili wenye shahada za uzamivu wakanuniana mpaka chai ikapoa.

Msaidizi alimvuta Profesa pembeni.

"Prof, naomba tupige simu shuleni. Huyu mtoto anaumizwa sasa hivi tunavyoongea."

"Binti yangu." Profesa alikuwa mtu mpole, hata akikunyima kitu ungetaka kumshukuru. "Watoto tuliwaahidi siri. Wewe mwenyewe ulisaini. Tukimtaja, tumemsaliti."

"Na tukinyamaza?"

"Tukinyamaza tuna mwaka mwingine wa data. Na tafadhali usipake dawa, unaniharibia kingo za alama."

Hapo msaidizi alimchukia, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. Ilikuwa chuki kavu, isiyo na machozi, na ilimpa nguvu. Alipiga moyo konde, akashuka ngazi za nyuma hadi kwenye ndoo za kupigia deki, akampigia mwalimu mkuu.

"Shule yangu haina uonevu, dada," alisema mwalimu mkuu kwa uchangamfu. "Kile cheti chenu cha kushiriki utafiti nimekitundika hapa ofisini, kila mzazi akiingia anakiona."

"Mwalimu, nisikilize kwanza." Akamtaja mtoto, jina lake na la baba yake. Akataja vyoo, viranja na kizibo. "Nakuomba sana, ulifuatilie jambo hili kimyakimya."

"Ondoa shaka. Nalishughulikia leo leo."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa ahadi. Aliingia darasa la tano, akawaita na viranja wote ili wasikie, akamsimamisha msichana mbele na kumwambia aonyeshe kwa kidole anayemwonea. Msichana alisema hakuna. Mwalimu mkuu akamsifu kwa kusema kweli, akaenda kula.

Mdomo wa msaidizi ulianza kuchanika wakati wa hotuba ya kufunga, akiwa amekaa safu ya nyuma. Safari hii kizibo kilibanwa kwenye midomo, kikahamishwa, kikabanwa tena, mpaka hapakubaki mahali pazima. Alijua ni nini, na alijua nani amekisababisha. Aliona aibu kiasi cha kutamani sakafu immeze. Jirani yake alimpa tishu, akamwomba asifute kwanza mpaka apige picha.

Zawadi ya bango bora ilikwenda kwa Profesa, ngao ya kioo yenye kitako cha mbao. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kubembeleza, alimwalika msaidizi naye aseme neno la shukrani. Msaidizi alipanda jukwaani, akashika maikrofoni, akataja jina la mtoto. Alilitaja polepole kwa sababu ya uvimbe, lake na la baba yake, kisha akalirudia.

"Samahani," alisema mwenyekiti. "Majina ya washiriki hayatajwi. Katibu, naomba lifutwe."

Katibu alilifuta. Lilitoka kwenye kumbukumbu za kikao na kwenye simu za waliokuwa wakirekodi. Likatoka pia vichwani mwa wote waliokuwepo, maana kanuni za siri zilizingatiwa kikamilifu, na ndiyo sababu hata hapa halimo. Watu walipiga makofi. Msaidizi alibaki ameshika maikrofoni, akilitafuta.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, duara lilijaa tena kwenye kiwiko. Msaidizi alitoka nje ya ofisi, akapiga simu.

"Kuna mtoto anaumizwa shuleni kwako," alisema. "Sasa hivi, nyuma ya vyoo."

"Mtoto gani, dada?" alisema mwalimu mkuu. "Wewe nitajie jina tu, nalishughulikia leo leo."