Sabuni Juu ya Ukuta wa Hamamu

Daktari aliniambia kwamba kwa moyo wangu furaha na huzuni ni mamoja, vyote viwili vinaweza kuniua. Kwa hiyo mpaka baridi iishe nisikanyage uwanjani, nisitazame mpira kwenye runinga wala kuusikiliza redioni. Kijana mpole, kwao Osaka. Timu yetu ya Kazamori aijulie wapi. Nikamjibu kwamba kama ni huzuni, timu yetu imenichanja kwa miaka thelathini na moja, hainidhuru tena. Hakucheka. Fusae, mke wangu, naye hakucheka, na tulipofika nyumbani alitoa betri za redio akazificha kwenye pipa la mchele, nami najua, naye anajua kwamba najua.

Timu yenyewe ni ya kiwanda cha samaki wa kopo. Ndiyo maana sisi mashabiki tunaitwa Madebe, na debe letu tunalo kweli, kuukuu, la mafuta, ambalo halipigwi ila siku tukishinda, baada ya filimbi ya mwisho: mapigo matatu ya polepole, mawili ya haraka. Wapinzani hutuimbia kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Waimbe tu. Msimu huu, lakini, debe lilikaa kimya mpaka likaota kutu, na Jumapili ya mwisho ikatukuta mkiani. Tukishinda, tunabaki ligini. Tusiposhinda, tunashuka, na kiwanda kilishatangaza kwamba timu ikishuka kitaivunja. Kuivunja, kama vile ni kreti la mbao la kuwashia moto.

Fusae akasema basi atakwenda yeye kwa niaba yangu. Nikamuuliza atafanya nini huko.

"Nitafuma, Baba. Kama siku zote."

Ananiita Baba tangu binti yetu Noriko azaliwe. Na ni kweli, siku zote alikuwa anafuma. Nilimkokota uwanjani tangu tuko wachumba, akakaa pembeni yangu na sindano zake na uzi wake, macho chini, na sijapata kumsikia akipiga kelele hata siku moja. Bao likiingia ilibidi nimguse bega. "Nani amefunga?" anauliza, huku anahesabu vitanzi. Soksi zangu zote zimezaliwa kwenye vile viti vya plastiki.

Tukapanga hivi. Kila jioni sisi huenda kwenye hamamu ya Hatano, yeye upande wa wanawake, mimi wa wanaume, na katikati pana ukuta usiofika darini. Sabuni yetu ni moja. Mimi huoga kwanza, kisha yeye huita, "Baba, sabuni," nami huirusha juu ya ukuta akaidaka. Basi Jumapili ile akitoka uwanjani angekuja moja kwa moja hamamuni. Tukiwa tumeshinda, ataita sabuni kama kawaida. La sivyo atanunua nyingine kaunta na hataita, nami nitajua taratibu, nikiwa kwenye maji ya vuguvugu, bila mtu kunipigia ukelele sikioni. Wazo lilikuwa langu, na nililiona la busara sana.

Niliingia hamamuni mechi inaanza. Hatano alikuwa amezima runinga ya ukumbini kwa ajili yangu na wateja wamenuna. Ndani ya hodhi la maji moto nikawakuta Domoto kinyozi na Tetsuji aliyekuwa kondakta wa treni, taulo vichwani. Hawa wawili hawakosi mechi hata wakiwa na homa. Siku hiyo kila mmoja alidai mgongo unamuuma.

"Karibu, mgonjwa," akasema Domoto. "Hodhi lako lile pale, la watoto."

"Afadhali hodhi la watoto kuliko kuchemka na wewe."

"Jamani, sheria ya leo," akasema Tetsuji. "Mechi za zamani tu. Hizo haziui mtu. Matokeo yake yameshapoa."

Tukaanza na ile ya theluji, tulipoamka gizani mji mzima kuusafisha uwanja kwa makoleo ili mechi ichezwe. Hata mama yake kipa alikuja na koleo. Mechi ikachezwa, tukafungwa matano.

"Tungeiacha ile theluji palepale," akasema Domoto. "Theluji ingetupatia sare."

Kisha ikaja ile ya ukungu, na hapo hatujawahi kupatana.

"Lile bao mimi nililiona," nikasema.

"Hukuliona," akasema Domoto. "Hakuna aliyeliona. Kipa wao mwenyewe aliuliza mpira uko wapi."

"Niliuona mguu wa Ogata ukipiga."

"Iwao, ulikuwa kwenye foleni ya tambi. Mimi nilikuwa nyuma yako. Ulirudi na mabakuli mawili ukauliza mbona watu wanakumbatiana."

"Na bakuli moja nilikupa wewe."

"Ulinipa. Ndiyo maana nakumbuka."

Tetsuji alicheka mpaka taulo likamwangukia majini. Nami nikawasimulia, ingawa walikuwapo, siku tuliyopanda daraja: mvua ya kutwa, sare hadi dakika za majeruhi, kona, na mshambuliaji wetu Ogata akipaa juu ya mabeki wawili warefu. Debe lilipigwa siku ile mpaka likatoboka kitako. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua nikalia kifuani pake, na nilipoinua uso nikamwona Fusae amekaa palepale, amekunja soksi iliyokwisha, ananingoja nimalize. Nilimwonea huruma kidogo. Nilidhani kuna kitu kikubwa duniani ambacho mke wangu hakipati.

Tulikuwa bado tunacheka mlango uliposogea akaingia Setsuo wa posta. Setsuo husalimia mpaka mabeseni. Leo aliinamisha kichwa kidogo, akakaa kwenye kigoda, akatugeuzia mgongo, akaanza kujiosha nywele. Akaziosha, akazisuuza, akaziosha tena. Kumbe mechi ilikuwa imekwisha, na huyu alikuwa ametoka huko. Ule mgongo sikuupenda. Domoto akaanza habari ya mwamuzi mmoja wa zamani, akaiacha katikati.

Ndipo tukasikia mlango wa upande wa pili. Kikohozi kile nakijua, nimelala nacho miaka mingi. Maji yakamwagika, beseni likawekwa sakafuni. Nikaishika sabuni, nikangoja.

Hakuita.

Nilingoja mpaka sabuni ikaanza kuyeyuka mkononi. Tetsuji alikuwa anatazama dari. Nikaweka mkono kifuani, moyo ukawa bado unakwenda, jambo lililonishangaza. Nilichokiona ni Jumapili zangu zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, na mimi nimekaa sebuleni nimevaa soksi za uwanjani. Niliumia, sifichi. Niliumia kama niliyefiwa, na nikamkasirikia yule daktari kwa kutonijulisha kwamba pigo la namna hii huja kimya kimya.

Halafu nikaikumbuka ile sabuni ya kununua. Mwanamke ameshinda kwenye baridi kutwa, peke yake, kwa ajili yangu, halafu ajisugue na kidude cha kaunta kinachokwaruza ngozi? Timu ife, lakini mke wangu ataoga kwa sabuni ya nyumbani. Nikasimama nikairusha juu ya ukuta bila kuitwa.

Wanawake wakaangua kicheko upande ule, na katikati ya kicheko beseni likagonga ukuta. Pigo. Pigo. Pigo. Kisha mawili ya haraka.

Nilidhani nimesikia vibaya. Likarudia, kwa nguvu zaidi, mpaka maji ya hodhi la watoto yakatikisika. Matatu ya polepole, mawili ya haraka.

Domoto alitoka majini uchi kama alivyozaliwa, akachukua beseni lake akajibu. Tetsuji naye, na Hatano akaingia na viatu vyake vya kaunta, jambo ambalo angemfukuzia mteja. Setsuo akageuka, macho mekundu kwa povu.

"Mke wa Hatano ameniapisha mlangoni nisitamke neno," akasema. "Nimejiosha kichwa mpaka ngozi inaniuma. Mzee Iwao, nisamehe."

"Nyamaza upige beseni," nikamwambia. Mimi mwenyewe nilikaa chini. Nikavuta pumzi moja ndefu iliyofika mpaka chini.

Nilimkuta Fusae nje, nywele zimefungwa taulo, mvuke unamtoka mabegani.

"Mbona hukuita?" nikamuuliza. "Ulitaka kuniua?"

Akafungua mdomo. Kilichotoka ni mkwaruzo tu. Akasogea karibu na sikio langu.

"Sauti imeisha, Baba. Nimepiga kelele."

"Wewe?"

Akatikisa kichwa kukubali, kwa haya, kama msichana aliyekutwa na kitu cha wizi. Nikatazama kikapu chake. Sindano hazimo, uzi haumo.

"Na vitu vyako vya kufuma viko wapi?"

"Nimevisahau huko," akanong'ona. "Chini ya kiti. Sijui hata vilianguka saa ngapi."

Nikamuuliza nani amefunga. Akacheka bila sauti, akajishika koo, akanionyesha kwa kidole: kesho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mechi ya Kazamori ilikuwa kichwani mwake na si mwangu. Nikamwambia asiharakishe, sauti itarudi. Nikachukua kikapu, nikampa mkono, tukateremka kwenda nyumbani polepole kama daktari alivyoagiza.